Dungu, Lenzi na Ndege wa Kipupwe

Chimala imekaa mahali pazuri mno kwa mpiga picha wa ndege. Ukisimama kando ya barabara kuu ya TANZAM, kilomita zipatazo 80 mashariki ya jiji la Mbeya, kusini kwako unaona ukuta wa milima unaopanda kwenda Matamba na uwanda wa juu wa Kitulo. Geuka kaskazini: nchi imelala tambarare, majaruba ya mpunga yanafuatana hadi upeo wa macho, na huko mbele ndiko bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu. Barabara ya kupanda Matamba huitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Chimala ina joto lake la bondeni, mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi. Aliyedamka mapema anaweza kumpiga picha ndege aliyetua kwenye bua lenye sakitu, na jioni ya siku hiyo hiyo akawa bondeni, anawapiga yangeyange wakitembea nyuma ya ng'ombe ndani ya vumbi la machungani.

Nakusudia kuisifu kazi hii, na kuisifu katika miezi ambayo wengi hawaipi thamani: Juni, Julai na Agosti, wakati wa kipupwe. Mgeni akiuliza aje lini Kitulo, huambiwa aje kati ya Desemba na Aprili, maua yanapochanua. Ni ushauri wa haki, kwa sababu hifadhi hiyo ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2005 ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 413, ilianzishwa kwanza kwa ajili ya mimea yake, na watu huiita Bustani ya Mungu. Miezi hiyo ya mvua ndiyo pia wanayofika ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia: mbayuwayu, keremkerem, korongo weupe. Naye mbayuwayu wa buluu, anayezidi kuadimika barani Afrika, huja Kitulo kutaga na kulea makinda. Kipupwe kinapoingia keshaondoka kuelekea Uganda na magharibi ya Kenya. Basi wapiga picha wengi hufunga mikoba yao mwezi wa tano wakisema ndege wamekwisha.

Hawajaisha. Waliobaki ni wenye nchi, na sasa ndipo wanapoonekana. Mvua imekatika, majani marefu yamelala, madimbwi ya Usangu yamepungua na ndege wa majini wamebanana kwenye machache yaliyosalia. Jua limehamia kaskazini, kwa hiyo hata saa tatu asubuhi mwanga bado unakuja wa ubavu, laini, unaochora kila unyoya. Baridi nayo inasaidia. Ndege aliyelala usiku wa baridi hana haraka ya kuruka. Hukaa mahali pa wazi akiota jua, na humpa mtu mwenye subira muda ambao mwezi wa Januari hatoi kabisa.

Lakini subira peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba siri ya kazi hii ni lenzi ndefu. Lenzi ndefu ni ya lazima kwa kiasi. Chini ya milimita 300 ndege mdogo anakuwa nukta. Ila nimeona watu wenye lenzi za bei ya gari wakirudi na picha za mikia, kwa kuwa kila mara waliinua kamera ndege akiwa keshaondoka. Ustadi unaanza kabla ya kamera. Unaanza kwa kujua ndege huyu atafanya nini dakika moja ijayo. Na kwetu hapa, wanaojua jambo hilo kuliko wote hawajawahi kushika kamera: ni watu wanaoamia ndege.

Asiyelima mpunga huenda asijue kazi hiyo ilivyo. Tangu punje zinapotunga maziwa hadi siku ya kuvuna, mtu wa familia hukaa shambani kutoka kabla ya mapambazuko hadi giza linapoingia, akiwazuia kwelea kwelea wasimalize chakula cha mwaka mzima. Juu ya dungu anakuwa na kombeo, madebe ya kugonga, kamba zilizofungwa vipande vya plastiki kutoka pembe hadi pembe ya shamba, na sauti yake. Watoto wengi wamekosa masomo kwa ajili ya kazi hii, na hilo halistahili kufichwa. Kwelea mmoja ana gramu 20 hivi, na kwa siku hula punje za gramu 10 hivi, lakini huja kwa maelfu, pengine kwa mamilioni. Serikali huleta ndege ya kunyunyizia sumu kwenye makazi yao ya usiku. Sumu hiyo haichagui. Tai na mwewe wanaookota mizoga nao hufa.

Nilimkuta mama mmoja juu ya dungu lake, nikamwamkia, tukazungumza habari za mavuno, kisha nikamwuliza anajuaje kwamba kundi linakuja kabla halijaonekana.

"Mwanangu, usitazame juu," akanijibu. "Wasikilize wale wachache kwenye mti wa pembeni. Wakinyamaza, wenzao wamefika."

Nimelitumia neno lake kila kipupwe tangu hapo. Mavuno yakishaingia ghalani, kwelea hubaki bondeni wakiokota punje zilizomwagika na mbegu za nyasi, na jioni huenda kulala kwenye matete au migunga. Unasimama mahali ambapo jua la jioni liko mgongoni mwako. Hulitafuti kundi. Unasikiliza kelele za wachache walio mtini, na kimya kinapoanguka unainua lenzi kuelekea uwazi ulio kati ya miti miwili, kwa sababu hapo ndipo watakapopita. Ukiweka kasi ya shata kwenye sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, kila ndege atasimama angani peke yake, midomo myekundu ikionekana mmoja mmoja. Ukishusha hadi sehemu ya 30, hutamwona ndege hata mmoja. Utaona umbo la kundi zima likijikunja na kujikunjua. Picha ya kwanza inamfaa mtaalamu wa kilimo. Ya pili ndiyo anayoiona mtu wa kwenye dungu, na binafsi naiona kuwa ya kweli zaidi.

Juu, Kitulo, mambo ni mengine kabisa. Huko hakuna makundi. Kuna ndege mmoja, nyasi na upepo. Mwezi wa saba alfajiri umande huganda majanini, na betri iliyojaa jana usiku huonyesha nusu kwa sababu ya baridi. Waliozoea huziweka betri za akiba mfuko wa ndani, karibu na kifua. Ndege ninayemtafuta kwanza ni mdogo: dume lake lina kichwa cheusi, baka jeupe ubavuni mwa shingo na kifua cha rangi ya kutu. Hupenda kukaa kileleni mwa bua kavu, mahali pa kuonekana na kila mtu, kisha hushuka chini kumdaka mdudu na kurudi kwenye bua lile lile au la jirani. Tabia hiyo ya kurudi ndiyo inayompa mpiga picha nafasi. Huna haja ya kumfuata. Unachagua bua alilolipenda, unalala chini kwenye nyasi zilizoganda, unaelekeza lenzi kwenye ncha tupu, unasubiri.

Anaporudi, jua likiwa bado halijapanda, tazama alivyojiumua. Manyoya yote yamesimama kidogo, hewa imenaswa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Shingo imepotea, amekuwa duara lenye mdomo. Miguu miwili myembamba kama njiti za kiberiti imeshika bua lenye chembe za barafu, na chembe hizo huanza kuyeyuka pale tu miale inapolifikia. Jicho ni jeusi, nalo ndilo jambo la mwisho la kungojea: nukta ya mwanga ndani yake. Akigeuza kichwa kidogo kuelekea mashariki, nukta inawaka, na ndege anaonekana yu hai. Akigeuza upande mwingine, jicho linakuwa shimo, na picha hiyo hata manyoya yakiwa safi namna gani haina maana. Kati ya hali hizo mbili pana pembe ndogo sana ya kichwa. Mtu anayebonyeza mfululizo bila kutazama ataipata kwa bahati. Anayemtazama ndege ataipata kwa sababu ameiona ikija.

Kando ya njia, kwenye miamba ya ukingoni, mishubiri hutoa maua yake mekundu wakati huu wa ukavu, na chozi huyafuata. Hapa somo ni la mwanga. Wale chozi wa rangi ya kijani ing'aayo hawana rangi hiyo ndani ya manyoya yao. Mng'ao unatokana na jinsi manyoya yalivyojengwa na kuurudisha mwanga. Dume lile lile, jua likiwa nyuma yake, huonekana jeusi tii. Zunguka upande wa pili, jua likupige mgongoni, na kijani kinalipuka. Kwa hiyo anayetaka picha ya chozi hamtafuti chozi. Anatafuta mshubiri uliochanua upande unaopokea jua la asubuhi, anakaa chini mbali kiasi, na kuuacha utamu wa ua ufanye kazi ya kumwita.

Tandawala yeye hana subira na mtu. Ni ndege mkubwa wa nchi kavu, shingo ya rangi ya majani makavu yaliyochomwa na jua, anayetembea kwa madaha uwandani, na Kitulo ni mojawapo ya makao yake muhimu nchini. Kwa mguu humkaribii. Ndani ya gari lililozimwa injini, mfuko wenye mchele umelazwa dirishani na lenzi juu yake ili picha isicheze, mara nyingine atapita mbele yako mwenyewe.

Gari humficha mtu kwa sababu ndege amelizoea. Mtu mwenye miguu miwili anayetembea moja kwa moja kumwelekea, hamzoei kamwe. Waanzilishi wa kazi hii kila mmoja alitafuta njia yake. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza chombo chenye umbo la bunduki kilichopiga picha 12 kwa sekunde moja, akakielekeza kwa ndege warukao ili aone mabawa yanavyofanya kazi. Kwetu huku, mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka kaskazini mwa nchi na taa za kulipuka akipiga wanyama picha za usiku, lakini bunduki ya risasi alikuwa nayo pia, na alizitumia zote mbili. Ninaowapenda zaidi ni ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, ambao kitabu chao cha viota cha mwaka 1895 kilijaa picha zilizopigwa porini. Walifikia hatua ya kutengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi, mpiga picha akaingia tumboni mwake na kamera yake, ndege wakaendelea na shughuli zao.

Usangu hatuna haja ya ng'ombe wa bandia. Kundi la mfugaji linapovuka mabua ya mpunga uliovunwa, yangeyange hutembea miguuni pa ng'ombe wakidaka panzi wanaokurupushwa, na wanamvumilia mchungaji kwa sababu ni sehemu ya kundi. Omba ruhusa, tembea na mchungaji, usitangulie, usisimame ghafla, usiinue kamera kila dakika. Baada ya muda utapiga picha kwa lenzi fupi, jambo ambalo mahali pengine lingehitaji kibanda cha kujificha. Utawakuta pia korongo wale wenye mdomo usiofunga katikati, wakiinamisha vichwa kwenye majaruba yenye maji kidogo na kuibua konokono. Pata bahati ya kuuona mdomo huo kwa karibu jua likipenya kwenye ule mwanya, na utaelewa kwa nini sichoki na bonde hili.

Nimesema habari ya jicho. Kuna ndege wa upande wetu ambaye utambulisho wake wote umekaa hapo. Hondohondo wa mdomo mwekundu wa Ruaha kwa miaka mingi alihesabiwa pamoja na wenzake wa kaskazini. Mwaka 2002 wataalamu walimtenga kuwa spishi ya peke yake, Tockus ruahae. Ukitaka kumtambua, tazama ngozi inayozunguka jicho: kwake ni nyeusi, na jicho lenyewe ni la njano, wa kaskazini hana weusi huo na jicho lake ni la kahawia. Picha iliyolenga tumbo haisemi kitu. Picha iliyolenga jicho inamaliza ubishi. Na upande wa Iringa, kwenye misitu ya Udzungwa, mwaka 1991 watafiti waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kitoweo, wakauliza ni ya ndege gani, na hivyo ulimwengu wa sayansi ukamjua kwale wa Udzungwa. Wenyeji walikuwa wakimla siku zote. Mambo kama haya ndiyo yanayonifanya niamini kwamba nchi hii bado haijatazamwa vya kutosha, na kwamba wa kwanza kuitazama tunapaswa kuwa sisi tunaokaa ndani yake.

Neno moja la matumizi kwa wanaoshuka Hamsini na Saba. Kamera iliyopoa usiku kucha Kitulo ikifunguliwa ghafla kwenye hewa ya Chimala, lenzi hufunikwa na mvuke nje, na mara nyingine hata ndani. Ifunge vizuri ndani ya mfuko ukiwa bado juu, na usiifungue hadi ipate joto polepole. Kona zote zile zinatosha kwa kazi hiyo.

Kuna mambo sikubaliani nayo hata kidogo. Kumrusha ndege makusudi ili upate picha ya mabawa ni moja. Ndege mdogo aliyevuka usiku wa sakitu ameitumia karibu akiba yake yote ya mwili. Dakika zile za kuota jua na mlo wa kwanza ndizo zinazomvusha hadi mchana. Ukimfukuza mara tatu kwa ajili ya picha moja, umemmaliza nguvu. Vivyo hivyo kufunua kiota kwa kukata majani yanayokificha, au kucheza sauti yake kwenye simu ili atoke akidhani ana mpinzani. Picha ya namna hiyo hujulikana ukiitazama: shingo imenyooka, manyoya yamebana mwilini, jicho limekukodolea. Ni picha ya hofu, na aliyeileta hofu hiyo ni mpiga picha.

Tena bonde lenyewe haliko salama. Mto Chimala ni mmoja wa mito inayoshuka milimani kuulisha mto Ruaha Mkuu, unaopitia Usangu na Ihefu na kutoka kwenye mlango wa mwamba wa Ng'iriama kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1993, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu, mto huo uliacha kutiririka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo umekatika karibu kila kiangazi. Maji yanayoendelea kuchepushwa mashambani wakati wa ukavu yamechangia sana. Pori la Akiba la Usangu lilitangazwa mwaka 1998, na mwaka 2008 likaunganishwa na hifadhi hiyo ya taifa. Mipaka imechorwa na kubishaniwa. Wakulima na wafugaji wana madai yao, na mimi ninayekula wali wa wilaya hii ya Mbarali sitawabeza. Lakini ndege hatoi maelezo kwenye kikao. Korongo taji, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, anahitaji maji ya kina kifupi na majani ya kufichia kiota. Yakikauka, ataondoka, na tutajua tu kama kuna mtu aliyekuwa akiandika alipokuwepo.

Kwa sababu hiyo naiona picha ya ndege kuwa ushahidi, hata pale isipokuwa nzuri. Atlasi ya Ndege wa Tanzania, iliyoanza miaka ya 1980, inakusanya taarifa za nani ameonwa wapi na mwezi gani, na imejengwa kwa macho ya watu wa kawaida waliojali kuandika. Naamini kipupwe kina mapengo mengi kwenye taarifa za namna hiyo, kwa sababu ile ile niliyoitaja: wageni huja msimu wa maua na kuondoka.

Basi wewe unayekaa Chimala, Igurusi, Rujewa au Matamba, uliye na kamera ya mkono wa pili au simu unayoweza kuiegesha kwenye darubini ya mwenzako, toka alfajiri za kipupwe. Kabla ya kupiga, mwamkie aliye kwenye dungu na umsikilize. Kwenye kila picha andika tarehe na mahali. Jina la ndege ukilijua liandike, usipolijua andika alichokuwa akifanya. Moja ipeleke kwenye atlasi, nyingine iombee nafasi ukutani mwa shule ya kijiji, waione watoto walioamia mpunga. Usingoje Septemba. Kufikia hapo mashamba na nyasi zinachomwa, moshi unafunika bonde lote, na hutaona ndege wa kupiga.